Vali Haifi Peke Yake: Kutunza Amplifaya za Redio ya Ridhaa katika Nyanda za Juu za Kigoma

Mhadhara wa wazi kwa mafundi redio, walimu wa fizikia na vijana wa Nyabibuye, Wilaya ya Kakonko

 

Nimeombwa nizungumze juu ya kutunza amplifaya za vali na kutafuta hitilafu zake. Hoja yangu naiweka mezani mapema, ili kila mtu aipime wakati nikiendelea. Vali haifi peke yake. Mara nyingi kinachoiua kiko nje ya kioo chake: umeme unaoingia, hewa inayoipoza, na antena inayopokea kazi yake. Fundi anayeanza kwa kuchomoa vali ameanzia mwisho. Vali mpya atakayoipachika itakufa kwa ugonjwa uleule, na pesa ya mwenye chombo itakuwa imekwenda na maji.

Kwa nini tuzungumzie jambo hili hapa

Tuko karibu na mpaka wa Burundi, mbali na bahari na mbali na makao makuu ya karibu kila kitu. Eneo kama hili lilijua thamani ya redio ya mawimbi mafupi kabla ya simu za mkononi. Polisi walikuwa na redio ya upepo, hospitali za misheni vilevile. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 kwa ajili ya madaktari wa ndege, liliziunganisha zahanati na hospitali za vijijini za Afrika Mashariki na Nairobi kwa mawimbi hayo, ili mgonjwa aombewe ushauri au ndege. Wakimbizi walipovuka kutoka Burundi mwaka 1972, tena 1993, tena 2015, na Wanyarwanda walipomiminika Ngara mwaka 1994, mawasiliano ya mashirika katika siku za mwanzo yalibebwa na redio. Ngara hapo jirani ndiko Radio Kwizera ilikozaliwa mwaka 1995, na hadi leo wapo watu wa kwetu waliokua wakiisikiliza.

Redio ya ridhaa ni ndugu wa mawasiliano hayo. Mwanaredio wa ridhaa halipwi. Huomba leseni, kwetu Tanzania kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kisha hupewa alama ya kuitia. Alama za Tanzania huanza na 5H au 5I. Kabla ya uhuru Tanganyika ilitumia VQ3, Zanzibar VQ1, Kenya VQ4 na Uganda VQ5, na wakusanyaji wa kadi za mawasiliano bado wanazithamini kadi hizo. Yakitokea maafa, wanaredio wa ridhaa wa Afrika na Ulaya hutafutana kwenye masafa yaliyokubaliwa, megahezi 3.760, 7.110, 14.300, 18.160 na 21.360. Mnara wa simu ukizimika kwa kukosa dizeli au kwa radi, masafa hayo hayazimiki.

Vali zinaingiaje katika habari hii? Kwa sababu mitambo inayowafikia vijana wasio na fedha nyingi ni ile ya mkono wa pili. Yaesu FT-101 na Kenwood TS-520, redio za miaka ya 1970, zina transista karibu kote, ila hatua mbili za mwisho za kurusha zina vali. Amplifaya kama Heathkit SB-220, Yaesu FL-2100B na Ameritron AL-811 zote ni za vali. Chombo cha transista kinachokosewa sekunde moja kinaweza kuungua kabla hujanyanyua kidole. Vali huvumilia zaidi, hukuonyesha maumivu yake kwa rangi na kwa mita, na fundi mwenye bisibisi, mita na solda anaweza kuirudisha kazini.

Lakini tuwe wakweli kuhusu faida. Redio ya wati 100 ukiiongezea amplifaya ya wati 600 umeongeza desibeli karibu 8. Kwa msikilizaji wa Dodoma au Mombasa hiyo ni nukta moja na kidogo kwenye mita ya nguvu ya mawimbi. Antena ya waya kwa megahezi 7.1 inahitaji mita 20 hivi tu za urefu, na ukiitoa karibu na bati la nyumba ukaipandisha juu ya miti unaweza kupata faida kama hiyo bila kulipa senti ya umeme. Kwa hiyo amplifaya ije baada ya antena nzuri, kwa yule ambaye kweli ameishiwa njia nyingine.

Jinsi vali inavyofanya kazi

Ndani ya kioo kisicho na hewa kuna uzi unaowaka, yaani filamenti. Uzi ukipata moto hutoa elektroni. Kuuzunguka kuna bamba, anodi, lenye volti chanya nyingi, 2,000 hadi 3,000 katika amplifaya kubwa, na bamba hilo huzivuta elektroni. Katikati kuna wavu mwembamba unaoitwa gridi, ambao hauna uhusiano na gridi ya taifa. Badiliko dogo la volti kati ya gridi na filamenti huleta badiliko kubwa la mkondo wa anodi, na huko ndiko kukuza.

Si nguvu yote inayokwenda kwenye antena. Amplifaya nzuri ya aina hii hugeuza asilimia 60 hivi ya umeme wa anodi kuwa mawimbi. Ukiingiza wati 1,000, wati 600 huondoka kwa antena na wati 400 hubaki kwenye anodi kama joto. Vali ya 3-500Z, inayopendwa sana na wanaredio, imeundwa kuhimili wati 500 za joto kwenye anodi. Filamenti yake peke yake hunywa volti 5 kwa ampia 14.5, yaani wati 72. Zikiwa mbili, una jiko la wati 145 kabla hujasema neno. Kumbukeni hesabu hii, maana tutairudia tukifika kwenye hewa.

Kwanza uhai

Sitaendelea bila kusema hili, na ninawaomba walimu walirudie darasani. Umeme wa ukutani wa volti 230 unaua. Umeme wa anodi unaua kwa haraka zaidi, na unaweza kukungoja ndani ya sanduku baada ya plagi kuchomolewa. Kapasita za amplifaya ni kama simtanki juu ya paa: bomba la mtaa likikatwa, maji ya ndani bado yapo. Mpangilio wa SB-220 ni kapasita nane za mikrofaradi 200 zilizofungwa kwa mfuatano. Kwa pamoja ni mikrofaradi 25, na kwa volti 3,000 zinahifadhi jouli 112. Mashine ya hospitali ya kushtua moyo hutumia hadi jouli 360, lakini huwa mikononi mwa mtaalamu na mgonjwa amelala. Wewe umeinama na bisibisi, kiwiko kimegusa chasi.

Sambamba na kila kapasita kuna resista ya kumwaga chaji. Zote zikiwa nzima, chaji huisha ndani ya nusu dakika hivi. Moja ikikatika, kapasita yake hubaki na chaji wakati nyingine zimekwisha kuwa sifuri. Kwa hiyo utaratibu ni huu, na haupunguzwi. Zima. Chomoa plagi, uiweke mahali unapoiona. Subiri dakika kadhaa huku ukitazama mita ya volti za anodi ishuke. Fungua kifuniko. Chukua fimbo ndefu ya plastiki iliyokauka, yenye ndoano ya shaba iliyofungwa kwa waya mnene hadi kwenye chasi, uigusishe kwenye njia ya volti kubwa na uiache ikining'inia hapo muda wote unaofanya kazi. Kisha pitia kapasita moja baada ya nyingine. Mkono mmoja uwe mfukoni. Usifanye kazi hii peke yako nyumbani, na usifanye ukiwa na usingizi.

Kuna swichi ndogo inayokata umeme kifuniko kinapofunguliwa. Mafundi wengine huifunga kwa waya ili wapime chombo kikiwa wazi. Asiyeheshimu swichi hiyo simfundishi. Na mita nyingi za dukani mwisho wake ni volti 600 au 1,000. Ukizigusisha kwenye volti 3,000 umeshika waya mtupu. Tumieni mita ya chombo chenyewe, au kipimio maalumu cha volti kubwa.

Umeme unaoingia

Sasa turudi kwenye hoja. Kwa miaka mingi Kibondo na Kasulu zilitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, hadi gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022. Ni neema kubwa. Lakini nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu ya kijijini huona volti zikishuka jioni kila mtu anapowasha, na zikipanda usiku wa manane kila mtu anapolala. Taa ya sebuleni hufifia kidogo tu. Vali haichukulii jambo hilo kirahisi.

Chukueni 3-500Z. Mtengenezaji anataka volti 5 kwenye filamenti, ikizidi au kupungua asilimia 5 tu, yaani kati ya 4.75 na 5.25. Transfoma iliyopangwa kwa volti 230, ikipewa 190 jioni, itatoa volti 4.13. Elektroni hupungua, mlio wa sauti huharibika, na fundi asiyepima husema vali imechoka. Usiku huohuo umeme ukipanda hadi 250, filamenti hupata volti 5.43 na maisha yake huliwa upesi. Mwenye chombo hulaumu duka alikonunua vali.

Kipimo hiki hufanywa kwenye miguu ya soketi, vali ikiwa imewaka, si kwenye transfoma. Fungeni mita kwanza chombo kikiwa kimezimwa, tengeni transfoma ya volti kubwa, rudisheni kifuniko, ndipo muwashe. Ukiona volti 5 kwenye transfoma na 4.7 kwenye miguu, volti 0.3 zimepotea njiani. Kwa ampia 14.5 hiyo ni zaidi ya wati 4 zinazopika soketi yenyewe. Chemchemi za soketi zimelegea au zimeota kutu. Solda ya ndani ya miguu ya vali inaweza kuyeyuka, na hapo vali nzima huanza kuwaka na kuzimika kama ina hitilafu yake. Kusafisha na kukaza soketi ni kazi ya nusu saa, na mara nyingi vali hufufuka hapo.

Kuna jambo la pili. Amplifaya nyingi zilizotengenezwa Marekani zilikusudiwa umeme wa hezi 60. Sisi tunatumia 50. Transfoma iliyobanwa sana kwa hezi 60, ikipewa hezi 50 kwa volti zilezile, hubeba sumaku zaidi kwa asilimia 20 katika chuma chake, hunguruma na kupata joto. Kabla ya kununua, someni bati la nyuma kama limeandikwa 50/60. Jenereta ndogo ikipungua mwendo ina athari hiyohiyo. Inveta za bei nafuu zisizotoa wimbi laini nazo huzichosha transfoma, na za sola za nyumbani nyingi hazina ukubwa wa kubeba zaidi ya kilowati moja inayohitajika hapa.

Tatu, mshtuko wa kuwasha. Filamenti ya baridi ina ukinzani mdogo na kapasita tupu hunywa mkondo mkubwa mara moja. Rilei na resista ya kuchelewesha kwenye njia ya umeme, kwa sekunde moja au mbili, huokoa filamenti, dayodi na swichi. Ongezeni pia resista moja ya waya, omu 25 hivi yenye wati za kutosha, kwenye njia ya volti kubwa kabla ya anodi. Cheche ikiruka ndani ya vali, resista hiyo huzuia mkondo usipite ampia 120 kwa volti 3,000. Bila hiyo, nguvu yote ya kapasita hupitia gridi na mita zako.

Hewa

Hapa ndipo Nyabibuye inapotofautiana na Dar es Salaam, na vitabu vingi havisemi. Katika mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kimo cha kawaida katika nyanda hizi, hewa ni nyepesi kwa asilimia 14 hivi kuliko pwani. Kinachopoza vali ni uzito wa hewa inayopita, si kelele ya feni. Tuongeze feni iliyoundwa kwa hezi 60 inayozungushwa na hezi 50: mwendo wake unaweza kupungua kwa asilimia karibu 17. Zidisheni 0.86 kwa 0.83, mtapata 0.71. Feni ileile iliyotosha kwa mtengenezaji, hapa kwetu inatoa karibu asilimia 70 tu ya hewa iliyokusudiwa.

Wati zile 400 za anodi, pamoja na za filamenti, hazina mlango mwingine wa kutokea. Mahali kioo kinapokutana na chuma cha miguu ya 3-500Z hapatakiwi kufika nyuzijoto 200. Pakizidi, muungano hupasuka kidogo kidogo, hewa huingia, na vali imekwisha. Dawa yake si ngumu. Badilisheni feni iwe ya hezi 50 na yenye nguvu zaidi, msiweke chombo kwenye kabati wala chini ya kitambaa cha kufuma, acheni kiganja kizima cha nafasi kila upande. Pimeni joto la hewa inayotoka baada ya kurusha dakika kumi na muandike. Feni iendelee dakika chache baada ya kumaliza kurusha, ndipo mzime.

Hewa nyepesi ina hila nyingine: cheche huruka ndani yake kwa urahisi zaidi. Kapasita ya kutyuni yenye mwanya uliotosha pwani inaweza kupiga cheche huku juu, hasa ikiwa na vumbi. Na vumbi tunalo. Kiangazi cha Juni hadi Septemba udongo wetu mwekundu unaingia kila mahali, na volti kubwa huuvuta ushikamane na vihami. Masika unyevu huugeuza kuwa njia ya umeme. Mjusi hupenda joto la transfoma, mende na sisimizi hupenda giza lake, na panya hutafuna waya. Funikeni matundu kwa wavu mwembamba wa chuma, usiozuia hewa. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni na mwishoni mwa mvua, toeni vumbi kwa brashi laini, mfute vihami na kioo cha vali kwa spiriti, na msiguse kioo kwa vidole vyenye mafuta.

Chombo kilichokaa kimya msimu mzima wa mvua kisiwashwe ghafla. Transfoma imenyonya unyevu na kapasita zimesahau kazi yao. Kipeni umeme kidogo kidogo kwa transfoma ya kurekebisha volti. Asiye nayo achomoe vali, kisha afunge balbu ya zamani ya uzi, ya wati 100, kwa mfuatano na waya wa umeme. Balbu ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, ndani kuna shoti, na hujapoteza kitu.

Antena na radi

Vali inapokea lawama nyingi zinazostahili antena. Kiungo cha kebo kilichoingia maji, waya uliokatika ndani ya plastiki, au tawi la mwembe lililogusa ncha hurudisha nguvu nyuma. Nguvu hiyo huwa volti za ziada kwenye kapasita na swichi ya bendi, au joto la ziada kwenye anodi. Kabla ya kufungua amplifaya, unganisheni amplifaya kwenye mzigo wa majaribio, yaani resista kubwa ya omu 50 ndani ya mafuta au yenye mapezi. Chombo kikitulia hapo, tatizo liko nje na mnaweza kufunga kisanduku cha vifaa.

Kuhusu radi, sina haja ya kuwashawishi. Utafiti wa satelaiti uliotolewa mwaka 2016 uliiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, kuwa mahali pa pili duniani kwa wingi wa radi, mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Sisi tuko ukanda huohuo wa mawingu. Mkoa huu bado unawakumbuka wanafunzi wa Shule ya Msingi Kibirizi waliouawa na radi mwaka 2015. Mawingu yakianza kujikusanya, antena ichomolewe kabisa na kebo itupwe nje ya dirisha, plagi ya umeme nayo ichomolewe. Swichi peke yake haitoshi, maana radi iliyoruka kilomita nzima angani haizuiwi na mwanya wa milimita mbili. Nguzo ya antena iwe na waya mnene wa ethi ulionyooka hadi kwenye vyuma vilivyozikwa ardhini. Na isijengwe kamwe pale itakapoweza kuangukia waya za TANESCO.

Kusoma mita

Tuseme umeme ni mzima, hewa inapita, antena ni safi, na bado chombo kinasumbua. Sasa mita zinasema, mradi tujue kuzisoma pamoja. Nachukua amplifaya ya kawaida ambayo gridi zake zimeunganishwa na chasi na mawimbi ya redio huingizwa kwenye filamenti.

Chombo kimewashwa, umebonyeza kurusha bila kusema, mkondo wa anodi ni sifuri. Tazama mita ya volti kubwa kwanza. Kama volti hazipo, usiongee hata neno, maana elektroni zisipopata anodi zitakimbilia gridi na kuichoma. Kama volti zipo, angalia filamenti kama inawaka, rilei kama imeshika, na njia ya kathodi, yaani ya filamenti kurudi kwenye chasi, kama resista au fyuzi yake ndogo haijakatika.

Mkondo wa kupumzika umezidi kiwango cha kitabu. Mara nyingi dayodi inayoweka volti za kuzuia imeshoti. Ikiwa ni nzima, huenda vali imeingiza gesi.

Mkondo wa gridi uko juu na wa anodi uko chini, nguvu ni ndogo. Hapo mzigo ni mwepesi mno: fungua kapasita ya mzigo, au kagua antena. Kinyume chake, anodi juu na gridi chini, mzigo ni mzito mno. Wengi hubadilisha vali kwa dalili hizi mbili, na dawa ilikuwa kwenye kifundo cha mbele.

Mkondo wa anodi na wa gridi yote iko chini, ingawa redio inasukuma nguvu kamili. Hiyo ndiyo dalili ya uchovu wa filamenti, lakini rudi kwanza kwenye volti za miguu ya soketi. Ukishahakikisha ziko sawa, ndipo uishtaki vali.

Fyuzi inakatika papo hapo. Tenga volti kubwa, ujaribu filamenti peke yake. Ikisimama, pima dayodi na kapasita. Ikikatika tena, chomoa vali moja baada ya nyingine upime kati ya filamenti na gridi. Uzi mrefu uliopinda unaweza kugusa gridi, na ndiyo maana 3-500Z husimamishwa wima daima, hata kwenye usafiri ni bora zitolewe.

Kuna mlipuko mdogo, "pah", halafu kila kitu kinarudi sawa. Huenda vali inajiimbia yenyewe kwenye masafa ya juu. Karibu na anodi kuna koili ndogo iliyozungushwa kwenye resista. Pima resista hiyo. Joto la miaka huibadilisha thamani na kuiacha bila kazi.

Mwishowe tazameni rangi, gizani. Anodi ya 3-500Z ikipata wekundu hafifu hiyo ni kawaida. Imeundwa hivyo, na joto hilo huisaidia kumeza mabaki ya gesi. Lakini bamba la 811A, vali ya AL-811, lenye uwezo wa wati 65 tu, likianza kuwa jekundu, acheni kurusha mara moja. Upande wa FT-101, vali zake za mwisho, 6JS6C, zilizaliwa kwa ajili ya televisheni. Zinatyuniwa kwa sekunde chache, mapumziko, kisha tena. Anayebonyeza mfululizo akitafuta kilele cha mita anazipika.

Daftari

Wenzangu, mchelea mwana kulia hulia yeye. Fundi anayeona haya kumwambia mwenye chombo "leo haturushi, volti ni 190" ndiye atakayemwambia mwezi ujao kwamba vali imekufa na ya kuibadilisha iko ng'ambo. Kila kituo cha redio, kiwe cha shule, cha parokia au cha mtu binafsi, kiwe na daftari la kawaida la mistari. Siku chombo kikiwa kizima, andikeni namba zote: volti za ukutani, volti za filamenti, volti za anodi, mkondo wa kupumzika, mikondo miwili wakati wa kurusha kwenye kila bendi, nguvu inayotoka, nguvu inayorudi, joto la hewa inayotoka. Rudieni kila mwezi. Hitilafu nyingi huonekana kwenye daftari wiki kadhaa kabla hazijasikika kwenye spika.

Walimu wa fizikia, humo mna mafunzo ya mwaka mzima: sheria ya Ohm, chaji ya kapasita, joto, msukumo wa hewa, mawimbi. Vijana, anzeni kwa kusikiliza na kujifunza masafa. Mkitaka kurusha, fuateni TCRA kwanza. Mafundi, kuanzia leo mtu akikuleteeni amplifaya na kusema vali imekufa, mwombeni namba tatu: volti kwenye miguu ya soketi, joto la hewa, na nguvu inayorudi kutoka antena. Zikiwa sawa zote tatu, na mita zikiishtaki vali, iagizeni. Isipokuwa sawa hata moja, fedha ya vali ibaki mfukoni na kazi ianzie hapo.